Chora kwanza, andika nyuma

Maneno ya sekretere wa chama mbele ya wanamemba, mukutano mukubwa, Baraka



Prezida ameniomba nieleze kwa nini siku hizi nakuja mukutanoni na chaki badala ya kaye. Bon, nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana niliandika barua ya kurasa tatu kwa mufadhili mumoja. Niliweka yote: vijiti vya muhogo, uniforme za watoto, mashamba yaliyochukuliwa tulipokuwa ng'ambo ya ziwa, karatasi za kuzaliwa, nyavu, maji. Jibu lilikuja mustari mumoja tu: mutuambie munataka nini. Wengi mulikasirika. Mimi pia. Lakini usiku, niliposoma barua ile tena kwa utulivu, hata mimi sikujua tunataka nini.

Barua inapanga maneno foleni, sawa vile tulikuwa tunapanga ndoo kwenye bomba kule Nyarugusu. Ya mbele inaonekana, ya nyuma hakuna anayeijali. Lakini shida zetu hazikai foleni. Zinashikana.

Ndipo tukajaribu ramani ya mawazo. Njia hii ilienezwa sana na Mwingereza mumoja, Tony Buzan, aliyeionyesha kwenye televisheni ya BBC mwaka 1974. Musiogope jina. Nani hapa hajawahi kumuchorea mugeni njia ya shamba kwa kijiti, chini kwenye udongo? Unaweka jambo moja katikati, ndani ya duara. Kila wazo linalotoka pale linapata tawi lake, na juu yake neno moja tu, si sentensi. Tawi linazaa matawi madogo. Mambo mawili yakishikana, unavuta mustari kati yao, hata kama yako mbali.

Siku ile katikati tuliandika "watoto hawasomi". Asiyejua kuandika alichora: jembe, mutumbwi, nyumba. Sisi wa komite tulikuwa na hakika kwamba tawi nene litakuwa uniforme. Halafu mama mumoja mujane, ambaye sikuwahi kumusikia akiongea mukutanoni, akaomba chaki. Akavuta mustari kutoka shule mpaka karatasi ya kuzaliwa. Akavuta mwingine kutoka shamba la marehemu bwana yake mpaka karatasi ileile. Watoto wake walizaliwa kambini Tanzania, na hapa hana cha kuonyesha kwamba ni wa baba yao. Kijana mumoja akaongeza safari ya Uvira na bariyeri zake. Mwingine akaongeza karte ya kupiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho. Tukanyamaza. Matawi manne, fundo moja! Na kwenye barua yangu fundo lile lilikuwa limejificha chini ya ukurasa wa pili.

Sheria ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inampa muzazi siku 90 za kuandikisha kizazi. Zikipita, ni lazima hukumu ya tribinali, na hukumu inataka safari, mashahidi na pesa. Uniforme haifungui mulango ule.

Barua ya pili ilikuwa ukurasa mumoja. Mufadhili alirudisha maswali matano, na yote tuliweza kuyajibu. Pesa bado haijafika, nisiwadanganye.

Lakini muchoro wenyewe musiutume kwa mutu. Asiyekuwepo ataona tu kama kuku amekanyaga unga. Ule ni wa kwetu, wa kutusaidia kusikilizana. Mwingine tunamuandikia barua. Jambo lingine, na hili limenichoma kidogo: mwenye chaki ndiye mwenye mukutano. Miaka yote nimekuwa mimi na prezida. Sasa apewe yule anayeongea kidogo, na sisi tukae chini.

Leo katikati naweka hili: pesa ikifika nusu tu, watoto gani watangulie tribinali? Tablo iko pale. Nani anashika chaki?