Operesheni Asubuhi, Nyumbani Jioni

(Maneno tuliyowaambia wanachama wa Migori na Homa Bay)



Tumeombwa tuseme juu ya operesheni ndogo, ile ambayo mtu huingia asubuhi na kulala kwake jioni. Katika nchi yetu hii, iliyo maarufu zaidi ni tohara ya watu wazima. Wakuria wanayo tohara tangu zamani. Desturi ya Wajaluo ilikuwa kung'oa meno sita ya chini, tena bila ganzi yo yote, kwa hiyo asituambie mtu kwamba watu wa huku ni waoga.

Uchunguzi uliofanywa Kisumu kwa vijana 2,784, ukasimamishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume kwa zaidi ya nusu hatari ya kupata virusi vya UKIMWI kutoka kwa mwanamke. Hatari hupungua, haiishi. Mpira bado unahitajiwa. Serikali ilianza kazi hii Nyanza mwaka 2008. Vijana walikwenda kwa wingi. Watu wazima wenye jamaa walisita, na wengi wao hawakuogopa kisu. Waliogopa kukosa mshahara.

Basi tuanze na matayarisho. Kwa tohara hutumiwa dawa ya ganzi: unadungwa sindano, unakuwa macho, na kazi huisha kwa muda wa nusu saa hivi. Oga, kula kama kawaida. Mwambie mganga kama una sukari, kama damu yako haigandi upesi, au kama kuna dawa inayokudhuru. Uliza pia juu ya sindano ya pepopunda.

Operesheni nyingine, kama ya henia, huenda ikatumia dawa ya usingizi. Hapo usile kwa saa sita. Mtu aliyelazwa kwa dawa anaweza kurudisha chakula kikaingia mapafuni, akafa. Maji matupu huruhusiwa mpaka saa mbili kabla, lakini uji si maji, wala chai ya maziwa si maji. Njoo na mtu wa kukurudisha. Usiendeshe pikipiki wala mashine kwa siku nzima, wala usitie sahihi karatasi yo yote.

Ukifika nyumbani, meza dawa ya maumivu uliyopewa kabla ganzi haijaisha. Bandeji ikae kavu siku mbili, kisha urudi kwa mganga. Rudi tena siku ya saba. Vaa nguo pana. Usipake majivu, chumvi wala majani. Ninyi wavuvi, msiingie ziwani na kidonda kibichi. Ukiona damu haikomi, usaha, homa, au mkojo hautoki, nenda hospitali saa ile ile, hata ikiwa usiku.

Sasa juu ya kazi. Karani huweza kurudi mezani baada ya siku mbili tatu. Lakini mkata miwa wa Awendo huinama kutwa, mpakizi hubeba, mvuvi wa Mbita huvuta nyavu, mchimba dhahabu wa Macalder huteremka shimoni. Hawa wakirudi siku ya tatu, nyuzi hukatika. Wangoje juma zima kwa uchache, na mganga akitazame kidonda kwanza.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyetumika miezi miwili mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka. Mkataba wa chama ukitoa zaidi, shikeni mkataba. Lazima uwe na barua kwamba huwezi kazi, yenye sahihi ya daktari au ya msimamizi wa zahanati anayetenda kwa niaba yake. Iombeni barua kabla hamjatoka mlangoni, na habari impate mwajiri mapema. Nyapara akisema "hii si ugonjwa, umejitakia mwenyewe," msigombane naye. Leteni nakala kwa katibu wa tawi.

Neno la mwisho ni la waliooa. Majuma sita hakuna kulala na mke, hata ngozi ikionekana imefunga, kwa maana kidonda kibichi ni mlango wa virusi. Mwambie mama wa nyumbani kabla ya kwenda, asije akadhani una mwingine.

Sasa ulizeni maswali.