Mzee Aliyenyamaza Siyo Mvivu

Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mwazye



Nimepewa dakika chache, nami nitazitumia kuwasemea wasioweza kujisemea. Katika vijiji vyetu vya Ufipa yupo mzee aliyekuwa wa kwanza kushika jembe msimu wa matuta, ambaye sasa hukaa barazani tangu asubuhi hata jioni. Haulizi habari za shamba, hachezi na wajukuu, hata msiba haumtikisi. Nyumbani husema ni mvivu, ana kiburi, au amerogwa.

Huenda ni mgonjwa. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza ugonjwa unaoitwa kwa jina lake. Wengi tunaujua kwa usahaulifu, lakini kupotewa na hamu ni dalili yake ya kawaida sana. Nao haupo Ulaya tu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, walichunguzwa wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi. Taarifa ya mwaka 2013 ilionyesha kuwa yapata 6 katika kila 100 walikuwa na maradhi ya kupungukiwa akili uzeeni, ambayo Alzheimer ni mojawapo.

Ubongo ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote. Damu ndiyo huileta, nayo hufuata kazi: chembe za ubongo zikidhoofika, damu hupungua mahali hapo. Picha za kupima mtiririko huo zimeonyesha kuwa wagonjwa waliopotewa na hamu mara nyingi wana upungufu sehemu ya mbele ya ubongo, hasa ndani, katikati ya nusu zake mbili. Sehemu hiyo husaidia kugeuza nia kuwa kitendo. Mzee anaweza kulijua jembe vizuri, akakosa msukumo wa kuinuka.

Basi kumkaripia hakufai. Usingoje aanze yeye. Kaa naye, mpe mahindi mkononi, anza wewe kupukuchua, huenda akafuata. Mpeleke hospitali pia, maana huzuni kubwa, ugonjwa wa tezi ya shingo au upungufu wa damu huweza kufanana na hali hiyo, nayo hutibika. Alzheimer haijapata dawa ya kuiponya. Nasi wenye nguvu tupime presha, kwani ikipanda huharibu mishipa ya ubongo.

Vijana, likizo ikifika, mkaeni karibu na wazee hao.