Rodi Yenye Mkwaruzo

Asubuhi ya leo tunawaomba mje pamoja nasi hadi Karagita, kwenye barabara ile ipitayo kusini mwa Ziwa Naivasha, katika kibanda cha mabati cha fundi mmoja wa magari.

Tulikwenda pale kwa ajili ya pikapu ya kanisa, iliyokuwa ikirukaruka kama mwana-mbuzi. Tulimkuta fundi ameinamia kazi nyingine. Mbele yake palikuwa na shokabzoba nne za Datsun 240Z, gari dogo la mbio. Wazee miongoni mwenu mnalikumbuka. Aina hiyo ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973, ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Mwenyewe alitaka kulitia katika yale mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003, naye hakutaka shokabzoba mpya. Alitaka zile zile gari lilizotoka nazo kiwandani.

Sisi tulidhani ni majivuno ya wenye fedha. Fundi akacheka. Akatueleza kwamba shokabzoba nyingi za siku hizi hufungwa kabisa kiwandani, na zikianza kuvuja ni za kutupwa. Lakini hizi zina nati kubwa kule juu. Aliyeziunda alijua kwamba siku moja zitachoka, akaacha mahali pa kuzifungulia.

Akatufundisha kazi yake. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari, lakini springi ikibonyezwa hurudi juu, kisha chini, kisha juu tena. Shokabzoba huutuliza mrusho huo. Ndani yake rodi husukuma pistoni katika mafuta, na mafuta hulazimika kupita katika vitundu vidogo, kwa shida, hata nguvu ya shimo la barabarani ikageuka kuwa joto na kwisha. Mafuta yakivuja, gurudumu hudundadunda, tairi huliwa vibaya, na breki hukawia kulisimamisha gari.

Basi tukamwambia, kwa haraka yetu, “Si utie sili mpya na mafuta mapya, yaishe?”

Hakujibu. Alifuta rodi kwa kitambaa, akatupa tuipitishe kwenye kucha. Tukasikia mkwaruzo, mwembamba kama unywele. “Sili tatu zimekwisha kutiwa hapa,” akasema. “Kila mara wanalaumu sili. Mkwaruzo huu ndio unaoikata.”

Ndugu wapendwa, hapo maneno yalitukauka, kwa maana tulimkumbuka mtu.

Katika ushirika wetu palikuwa na ndugu, dereva wa lori la maua, mwenye sauti nzuri katika kwaya. Alianza ulevi. Tukamwita mbele ya wazee, akatubu kwa machozi, tukamrudisha. Akaanguka. Tukamwita tena, akatubu, akaanguka. Mara ya tatu tukamtenga na Meza ya Bwana, tukasema huyu toba yake haishiki. Akiwa katika kutengwa huko, mama yake alifariki. Mama huyo alikuwa mshirika mwaminifu. Nasi wazee hatukwenda mazishini. Tulisema tukienda tutaonekana kumuunga mkono mlevi. Jirani wa dini nyingine ndiye aliyeomba kaburini.

Alipokuja baadaye kutuomba msamaha wa ulevi wake, tulimsamehe kwa barua. Hakuna hata mmoja wetu aliyetaja kaburi lile. Nasi tukastaajabu kwamba hakudumu mwezi.

Mtume Paulo, katika Wagalatia 6:1, anawaagiza walio wa Roho wamrejeze kwa upole mtu aliyenaswa katika kosa. Neno la Kigiriki alilolitumia ndilo lile la Mathayo 4:21, pale Yakobo na Yohana walipokuwa chomboni na baba yao wakitengeneza nyavu. Watu wa Karagita mnaijua kazi hiyo, mmewaona wavuvi pale ufuoni. Mvuvi hautazami wavu kwa mbali na kuupa onyo. Huukunjua magotini, akapapasa jicho kwa jicho hadi aone ulipokatika.

Fundi aliitenga rodi ile ikasuguliwe na kupakwa kromu upya. Nyingine, isiyo na kovu, aliirudisha mbele ya macho yetu: sili mpya, mafuta kwa kipimo wala si kwa kukisia, kisha akaivuta na kuisukuma ikiwa wima, polepole, mpaka hewa yote ikatoka. Pikapu yetu tuliiacha kwake.

Jumamosi hii wawili wetu tunakwenda kwa ndugu yule. Hatuchukui barua wala daftari la washirika. Tutamwomba atupeleke kwenye kaburi la mama yake, kama atakubali. Tuombeeni.