Kumbukumbu Ndani ya Silaha ya Polisi

Mada iliyotolewa kwa wanakamati wa Haki na Amani wa parokia



Nimeombwa niseme juu ya vifaa vya kunasa saa, sauti na picha ambavyo katika nchi kadhaa hutiwa ndani ya silaha za polisi, au hufungwa juu yake, ili silaha yenyewe ieleze jinsi ilivyotumiwa. Baadhi yenu mmeuliza kama chombo cha namna hiyo kingetufaa sisi tunaofuatana na jamaa za marehemu kwenda vituoni, hospitalini na mahakamani. Naamini kingetufaa, ila kwa sharti moja: kumbukumbu yake isikae mikononi mwa yule yule aliyeishika silaha. Sharti hilo nalitoa katika kisa kimoja cha nchi ya Kanada, ambacho nitakieleza kwa kirefu kwa sababu kilichunguzwa hadharani mpaka mwisho, jambo lisilotokea kila siku, huko wala huku kwetu.

Yafaa kwanza tukijue chombo chenyewe. Silaha iliyotangulia kupewa kumbukumbu si bunduki ya risasi, bali ni ile bunduki ya umeme iitwayo Taser, iliyotengenezwa Marekani. Hurusha vishale viwili vyenye nyuzi nyembamba. Vikinasa katika nguo au ngozi, umeme hupita na misuli ya mtu hukakamaa hata akaanguka. Kwa kuwa haikuachi tundu la risasi, watu waliona mapema kwamba ni rahisi kuitumia kupita kiasi kisha kukana. Ndiyo sababu waliotengeneza aina iitwayo X26, iliyotoka mwaka 2003, waliiwekea kumbukumbu ndani: kila kifyatulio kinapovutwa, silaha huandika tarehe, saa na muda ambao umeme uliendelea. Baadaye huunganishwa na kompyuta na maandishi hayo husomwa. Zaidi ya hayo, inapofyatuliwa, kasha la vishale hutawanya chini vipande vidogo vingi vyenye namba ya kasha hilo, ili ijulikane lilitolewa kwa askari gani. Mtu anaweza kuviokota vichache, lakini kuvimaliza vyote gizani ni kazi ngumu.

Sasa nisimulie kisa.

Tarehe 13 Oktoba 2007, alasiri, mtu mmoja wa Poland jina lake Robert Dziekański, mwenye umri wa miaka 40, alishuka katika uwanja wa ndege wa Vancouver. Alikuwa amehamia Kanada kuishi na mama yake, aliyekaa katika mji wa Kamloops. Hakujua Kiingereza. Mama alikuwa upande wa nje akimngojea, naye mwana alikuwa upande wa ndani, katika eneo la forodha, wala hakuna aliyewaunganisha. Mama aliambiwa kwamba mwanawe hayumo, akarudi nyumbani. Dziekański alibaki mle ndani kwa muda wa saa nyingi, amechoka, bila mtu wa kusema naye lugha yake, hata usiku wa manane akaanza kufadhaika na kurusha vitu. Polisi wakaitwa. Walikuja wanne, wa kikosi cha taifa kijulikanacho kama RCMP. Haikupita nusu dakika tangu wamfikie, mmoja wao akamfyatulia bunduki ya umeme. Mkononi mwa mtu huyo mlikuwa na stepla, kile kifaa cha ofisini cha kubania karatasi. Alianguka, akalia kwa uchungu, wakamlalia na kumfunga pingu. Alikufa pale pale sakafuni, tarehe 14 Oktoba, kabla hajatoka kwenye jengo alilofikia. Uchunguzi wa maiti haukuona kilevi wala dawa ya kulevya mwilini mwake.

Siku zilizofuata, msemaji wa polisi aliwaeleza waandishi wa habari kwamba umeme ulitumiwa mara mbili. Nao askari waliandika katika maelezo yao kwamba mtu yule alipigana, na kwamba ilibidi waangushane naye mpaka chini. Nasi tunaijua lugha hiyo, kwa maana haina nchi. Laiti mambo yangaliishia hapo, habari hiyo ndiyo ingalikuwa historia ya marehemu.

Lakini kulikuwa na kumbukumbu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya msafiri mmoja aliyekuwa akingoja upande wa pili wa kioo, akalinasa tukio zima kwa kamera yake. Ya pili ilikuwa ndani ya silaha. Iliposomwa, ilionyesha kwamba kifyatulio kilivutwa mara tano, kwa jumla ya sekunde 31. Na picha za msafiri zilionyesha kwamba mtu yule alianguka kwa umeme wa mara ya kwanza. Hakuna aliyeangushana naye.

Angalieni pia yaliyoipata ile kamera. Msafiri aliwakabidhi polisi kanda yake kwa hiari, akaahidiwa kurudishiwa baada ya muda mfupi. Muda ulipopita alijibiwa kwamba hatarudishiwa kwanza, kwa kuwa uchunguzi ulikuwa ukiendelea. Ilimbidi atafute wakili. Kanda ilirudi, na katikati ya Novemba 2007 ulimwengu ukaona. Kama asingekuwa mtu wa kushikilia neno, ile kumbukumbu iliyokuwa ndani ya silaha ingebaki peke yake, nayo ilikuwa kabatini mwa wale wale waliokuwa wakichunguzwa. Silaha haikusema uongo hata siku moja, lakini haikuwa na njia ya kumfikia mama yule wa Kamloops.

Serikali ya jimbo la British Columbia ikaunda tume chini ya Thomas Braidwood, jaji mstaafu. Mashahidi waliitwa hadharani, askari wote wanne wakahojiwa, picha zikasimamishwa sekunde kwa sekunde. Taarifa ya kwanza ilitolewa mwaka 2009, ya pili mwaka 2010. Jaji aliona kwamba matumizi ya silaha ile hayakuwa na haki, na kwamba maelezo ya askari yalipotosha ukweli kwa makusudi. Waendesha mashtaka walikuwa wameamua mwaka 2008 kutomshtaki mtu yeyote. Baada ya tume, mwaka 2011, askari wale walishtakiwa kwa kutoa ushahidi wa uongo mbele ya jaji. Wawili waliachiliwa, na mwaka 2015 wawili walipatikana na hatia. Mahakama ya juu ya Kanada iliithibitisha hatia ya wale wawili mwaka 2017. Yaani miaka kumi. Na kwa kifo chenyewe hakuna aliyeshtakiwa. Walifungwa kwa sababu ya maneno yao, na maneno hayo yalipimwa kwa kamera ya mpita njia na kwa kumbukumbu ya silaha.

Nafikiri tunda kubwa kuliko vifungo vile ni hili: mwaka 2012, kwa pendekezo la Braidwood, jimbo lile lilianzisha ofisi ya raia ya kuchunguza vifo na majeraha makubwa yanayotokana na polisi, ili polisi wasijichunguze wenyewe.

Sasa kuna waliofikiri kwamba dawa ni kuongeza macho kwenye silaha. Tangu mwaka 2006 Taser imeweza kufungiwa kamera ndogo, ambayo huanza kunasa kizuizi cha usalama kinapoondolewa. Baadaye zikaja kamera za kufungwa chini ya mtutu wa bastola, zinazoanza bastola inapochomolewa, na vihisi vya kuwekwa katika mkoba wa bastola ambavyo huiwasha kamera iliyo kifuani mwa askari mara tu silaha inapotoka. Faida yake ni wazi: askari hawezi kusema kwamba alisahau kubonyeza. Mwenye kuamua ni silaha, si kidole chake.

Lakini fikirini kamera hiyo inatazama wapi. Inatazama kule mtutu unakoelekea. Inamwona mlengwa tu. Mwenye kulenga haonekani, wala wenzake walio ubavuni, wala yule aliyekwisha inua mikono pembeni. Kila atakayeitazama picha hiyo, jaji au mzee wa baraza, atatazama kwa jicho la mwenye silaha. Halafu inaanza kunasa silaha ikiisha kutoka. Matusi yaliyotangulia, kofi lililotangulia, ombi la mtu kwamba haelewi lugha, hayo yote yako kabla ya mwanzo wa filamu. Katika kisa cha Vancouver, kamera ya silaha isingetuonyesha zile saa nyingi za kungoja, na kwa maoni yangu humo ndimo dhambi ya kwanza ilimofanyika. Tena kuna mambo madogo ya ufundi ambayo mawakili huyajua: mkono wa pili wa mwenye kushika Taser waweza kuziba kioo cha kamera, saa ya ndani huweza kwenda mbele au kubaki nyuma, na maandishi ya kumbukumbu husema kwamba umeme ulitolewa, hayasemi kama wote uliingia mwilini. Kwa hiyo kumbukumbu ya silaha ni shahidi mmoja. Sheria ya Musa haikukubali mtu ahukumiwe kwa kauli ya shahidi mmoja, nasi tusikubali kwa upande wowote, hata askari asije akahukumiwa kwa mstari mmoja wa kompyuta.

Wala kamera peke yake haimgeuzi mtu. Katika mji wa Rialto, California, majaribio ya mwaka 2012 na 2013 ya kamera za kifuani yalifuatwa na upungufu mkubwa wa malalamiko na wa matumizi ya nguvu, na habari hiyo ikaenezwa kila mahali. Lakini Washington, mji mkuu wa Marekani, ambako walishirikishwa askari zaidi ya 2,000, matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 hayakuonyesha tofauti ya maana kati ya waliovaa kamera na wasiovaa. Mimi nasoma hivi: kamera huzaa tabia mpya pale tu ambapo askari anaamini kwamba kuna mtu atakayeitazama na kumwuliza.

Tukirudi kwetu Kenya, bunduki ya kawaida ya polisi haina kumbukumbu ila ganda la risasi. Ganda likiokotwa, wataalamu waweza kulilinganisha na bunduki. Na daftari la ghala la silaha huonyesha bunduki hiyo ilichukuliwa na nani siku hiyo. Hicho nacho ni kinasa, cha karatasi na shaba. Hata sheria tunayo. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, katika jedwali lake la sita, humwagiza askari aliyefyatua bunduki atoe taarifa kwa mkubwa wake hata kama hakuna aliyeumia. Na pakiwa na kifo au jeraha kubwa, mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, ijulishwe. Kwa hiyo kabla hatujaomba kamera za fedha nyingi, tuulize daftari lililopo limeandikwa nini.

Nalisema hili kwa sababu ya yaliyotokea Juni 2025. Mwalimu kijana aliyekamatwa Homa Bay na kuletwa Kituo Kikuu cha Polisi cha Nairobi alikufa akiwa mikononi mwa polisi. Ilitangazwa kwanza kwamba alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti haukukubaliana na maelezo hayo. Kituo kilikuwa na kamera. IPOA iliiambia Seneti kwamba mitambo ya kamera hizo ilikuwa imechezewa. Watu kadhaa walishtakiwa, maofisa wa polisi wakiwamo, na hukumu ni kazi ya mahakama, si yetu. Ninachotaka mkione ni kimoja tu: kamera zilikuwapo, na chumba cha kuzihifadhi kilikuwa ndani ya kituo kile kile.

Basi kama siku moja Bunge au Wizara itaita wananchi kutoa maoni juu ya vifaa hivi, kamati zetu ziende na maneno machache. Kumbukumbu ya silaha inakiliwe siku ile ile, mbele ya mchunguzi asiye askari. Nakala moja ikae nje ya jeshi la polisi. Jamaa za marehemu, au wakili wao, waruhusiwe kuiona bila kungoja mwaka. Kuifuta au kuichelewesha kuwe kosa linalosimama peke yake, hata kama kufyatua kwenyewe kutaonekana kulikuwa halali. Na vifaa visinunuliwe kwanza na kanuni zikaandikwa baadaye, maana mwuzaji hana haja na kanuni.

Kwa sasa, mtu akipigwa risasi katika mtaa wenu, kazi ni ile ile ya mikono. Andikeni saa, mahali, namba ya gari, namba ya askari kama ilionekana. Msiguse maganda ya risasi. Yapigeni picha yalipolala, pamoja na kitu kinachotambulisha mahali, kama mlango wa duka au nguzo ya stima. Aliyenasa picha kwa simu atunze ile ya asili na atoe nakala. Msimlazimishe ajitaje, kamati inaweza kuipeleka kwa niaba yake. Ombeni namba ya OB na mwiandike. Kisha barua ipelekwe IPOA mapema, ikitaja wazi kwamba daftari la silaha la siku hiyo na picha za kamera za kituo zihifadhiwe, na nakala ya barua hiyo, yenye muhuri wa kupokelewa, ibaki kwenye faili la parokia.