Dawa ya Jirani Huenda Isikufae

 

Juzi alikuja kliniki mama mmoja akilalamika kuumwa na kichwa. Mtoto wake alikuwa na miezi minne. Jirani alikuwa amempa pakiti ya tembe za kupanga uzazi, naye akazimeza kwa wiki tatu. Tulipompima, presha ilikuwa juu sana. Jirani tembe zilimfaa, yeye zilimhatarisha.

Tembe hizo zilikuwa na homoni mbili. Hazimfai mwenye presha, wala anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita, kwani huweza kupunguza maziwa. Anayenyonyesha anaweza kupewa tembe za homoni moja, bora azimeze saa ile ile kila siku.

Je, kunyonyesha pekee kwatosha? Ndiyo, kwa masharti matatu: mtoto hajatimiza miezi sita, anapewa maziwa ya mama tu mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Likikosekana hata moja, tafuta njia nyingine.

Mwambie mwuguzi pia unataka mtoto mwingine lini. Sindano ya miezi mitatu hulinda vizuri, lakini ukiiacha, uzazi huweza kukawia miezi kadhaa kurudi. Vijiti vya mkononi hulinda miaka 3 au 5 kulingana na aina, navyo huondolewa wakati wowote ukitaka. Koili ya shaba hulinda miaka 10 au zaidi na haina homoni, ingawa hedhi huweza kuwa nzito. Kondomu huzuia mimba pamoja na virusi vya Ukimwi, kwa hivyo yaweza kutumiwa na njia nyingine yoyote.

Usifiche ugonjwa wowote ulio nao, wala dawa unazotumia. Baadhi ya dawa za kifua kikuu hupunguza nguvu za tembe na vijiti.

Mama yule tulimwanzishia matibabu ya presha. Baada ya kuelezwa yote, alichagua koili mwenyewe.

Mama, usiazime tembe kama unavyoazima chumvi. Nenda zahanati upimwe, uulize, kisha uchague. Na njia ikikusumbua, usiiache kimya kimya, rudi tukubadilishie.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.