Usikate Betri Kabla ya Kunakili

Ndugu msikilizaji, wiki hii nina deni la kulipa. Ni deni la mwaka 2014, na walionidai hawajawahi kunidai kwa mdomo. Walionidai ni mafundi wa karakana ya kituo nilichokuwa nikifanyia kazi wakati huo.

Asubuhi ya siku hiyo meza yetu ya kuchanganyia sauti ilikuwa inaunguruma, na kipindi changu kilikuwa kianze saa nne. Nikateremka karakana. Nikamkuta kijana mmoja, fundi msaidizi, ameinamia oskiloskopu. Kwa msikilizaji asiyeijua, hicho ni chombo chenye kioo kidogo kama cha televisheni, ambacho humwonesha fundi umbo la umeme unaopita ndani ya mtambo: wimbi lina ukubwa gani, linachukua muda gani, limeharibika wapi. Daktari ana kipimo chake cha kusikilizia kifua, fundi wa redio ana oskiloskopu.

Karakana ile ilikuwa nazo mbili, zote Tektronix 2465B za Marekani, za njia nne, zilizoanza kutoka kiwandani mwishoni mwa miaka ya 1980. Zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika kwingine. Wakati wao zilikuwa vyombo vya fahari, na hata leo mafundi wengi wanaziheshimu.

Kijana akaniambia betri ya ndani imezeeka, chombo kimeanza kulalamika kinapowashwa. Mzee wetu, mkuu wa karakana, alikuwa amekwenda mlimani kwenye mtambo wa kurushia matangazo. "Kaka, tumsubiri Mzee," kijana akasema. Nami nikamjibu kwa sauti ambayo sasa naionea haya: "Betri tu, bwana mdogo! Muda wa hewani haumsubiri mtu." Akachukua koleo, akaikata betri ya zamani, akalehemu mpya. Kazi nzima ilichukua dakika tano.

Chombo kilipowashwa kikaandika ilani kiooni. Kijana akabonyeza kitufe, ilani ikaondoka, wimbi likatokea zuri kabisa. Muungurumo ukapatikana, ukatibiwa. Kisha, kwa kutumia chombo hicho hicho, akapandisha kiwango cha sauti kinachotoka kwenye meza kwenda mtamboni, kwa kuwa kioo kilionesha kwamba kiwango kiko chini. Nami nikaingia studio.

Kwa siku tatu sauti yangu ilikwaruza kwenye redio za watu. Wasikilizaji walipiga simu. Wapo waliodhani naumwa koo. Aliporudi Mzee, hakugusa meza wala mtambo. Aliwasha oskiloskopu, akaiona ile ilani, akauliza: "Nani amekata betri?"

Hapo ndipo nilipoanza kufundishwa jambo ambalo stashahada yangu ya uandishi wa habari haikulitaja. Vyombo vya namna hii vina kumbukumbu za aina mbili, na fundi asiyezitofautisha huharibu kazi.

Ya kwanza ni kumbukumbu ya programu, yaani maagizo yanayokiambia chombo kifanye kazi vipi. Katika vyombo vingi vya miaka ya 1970 na 1980 maagizo hayo yamo kwenye chipu ziitwazo EPROM, zilizobuniwa na Dov Frohman katika kampuni ya Intel mwaka 1971. Juu ya chipu hiyo pana kidirisha cha kioo cha kwatzi, na juu ya kidirisha pamebandikwa karatasi. Karatasi ile si pambo. Maandishi ya ndani ni chaji ndogo ndogo za umeme zilizonaswa, na mwanga wa urujuanimno huzifukuza. Taa maalumu huifuta chipu nzima kwa dakika ishirini hivi, na watengenezaji walikwisha kuonya kuwa jua la moja kwa moja huweza kuifuta kwa wiki moja tu. Ukiacha chipu imefunuliwa dirishani Dar es Salaam, usije ukamlaumu mtu. Hata ikifunikwa, miaka mingi ikipita chaji huvuja. Ndiyo maana chombo kinapowashwa hujumlisha namba zote za programu yake na kulinganisha jumla hiyo na ile iliyowekwa kiwandani. Zikitofautiana, kinapiga kelele.

Lakini ugonjwa huo una dawa. Programu ya chombo kimoja ni sawa na ya ndugu yake wa toleo lile lile. Ukimpata ndugu, unanakili, unaandika chipu mpya, mgonjwa anainuka.

Ya pili ndiyo niliyoiua mimi. Hiyo huhifadhi namba za masahihisho. Hakuna vyombo viwili vinavyotoka kiwandani vikiwa sawasawa. Transista hii ina nguvu kidogo kupita ile, kapasita hii imepungua kidogo. Kwa hiyo kila kimoja hupimwa mbele ya vyombo vya kuaminika, kosa lake likaandikwa ndani yake kwa namba, ili kila kinapopima kijisahihishe. Kazi hiyo wataalamu wa viwango huiita ugezi. Katika oskiloskopu yetu ya kwanza namba hizo zilikuwa katika kumbukumbu inayosahau kila kitu umeme ukikatika, na iliyoishi kwa ile betri ndogo ya lithiamu. Kukata betri kabla ya kuunga nyingine sambamba nayo ni kufuta yote kwa mpigo.

Kijana, maskini, akapendekeza tunakili namba za oskiloskopu ya pili. Mzee akatikisa kichwa. "Mwanangu, utavaa miwani ya mwenzio? Utaona, lakini utajikwaa."

Kuirudishia namba zake kulihitaji jenereta maalumu, ya kutoa ukubwa wa wimbi uliohakikiwa, ya kutoa alama za muda, na ya kutoa mawimbi laini ya masafa mbalimbali. Hatukuwa nazo, na gharama ya kuipeleka chombo kilipo na vifaa hivyo ilipita bei ya chombo chenyewe. Mzee akabandika karatasi mbele yake: KWA KUANGALIA TU, SI KWA KUPIMIA. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Sasa nije kwenye kisa cha mwaka huu. Yule kijana ndiye mkuu wa karakana leo, na Mzee alikwisha kustaafu. Kijana akanipigia simu: oskiloskopu ya pili imo kwenye orodha ya vitu chakavu vya kuuzwa, kwa hoja kwamba ni kuukuu na kumbukumbu yake inakaribia kufa. Bado inapima vizuri, akasema, lakini kwa muda gani? Nikamfuata Mzee nyumbani kwake Kigamboni, tukapanda kivuko pamoja.

Chombo hiki cha pili ni cha toleo la baadaye. Betri haionekani. Imo ndani ya chipu yenyewe, nene, yenye miguu 28, imefunikwa kwa plastiki iliyomwagwa ikaganda. Mtengenezaji wa chipu aliahidi miaka 10. Hiyo ilikwisha kupita thelathini, kwa hiyo kila siku iliyobaki ilikuwa ya kudra.

Mzee hakufungua hata skrubu moja. Alibonyeza vitufe fulani, na kiooni zikaanza kutokea zile namba za masahihisho, mojamoja, kwa tarakimu na herufi za A hadi F. Akafungua daftari la shule. "Wewe ndiye msomaji," akaniambia. "Soma."

Nikasoma. Nimesoma taarifa za habari kwa miaka zaidi ya kumi na tano, lakini sijawahi kusoma kwa uangalifu kama ule. Yeye akaandika kwa kalamu, kisha akanirudishia kusoma, nami nikahakiki kiooni. Jioni ikatukuta tungali tunasoma.

Kesho yake ndipo kijana akaing'oa chipu, akinyonya risasi mguu baada ya mguu, polepole mno, bila mtu wa kumharakisha. Akaisoma kwa kifaa kilichoungwa kwenye kompyuta: baiti 8,192. Akaisoma mara tatu, zote zikafanana, na Mzee akalinganisha na daftari. Badala yake wakaweka chipu ya aina mpya inayohifadhi kwa njia ya feroelektriki, isiyotaka betri kabisa, na chini yake soketi, ili atakayekuja baadaye asilazimike kulehemu.

Tukaziwasha zote mbili, tukazipa wimbi moja: ile ishara ya kilohezi 19 ambayo kila kituo cha FM cha stirio hurusha pamoja na sauti, na ambayo hairuhusiwi kupotoka zaidi ya hezi 2. Wimbi lake moja lazima lichukue sehemu 52.6 za milioni za sekunde. Chombo chenye kumbukumbu kilisoma 52.6. Kile nilichokisahaulisha kilisoma 54 na ushei, kwa utulivu ule ule, wimbi lake likiwa zuri vile vile.

Oskiloskopu hiyo imetolewa kwenye orodha ya vitu chakavu. Namba zake zimo kwenye kompyuta tatu, na daftari limo katika droo ya pili, kushoto mwa meza ya karakana. Ile ya kwanza bado ina karatasi yake, ingawa imebadilika rangi. Hadi wiki ijayo, kwaherini.