Majivu ya Mipamba na Magadi ya Ziwani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Nakuru)



Hapa Nakuru pamba haioti vema, baridi haiitaki. Lakini wengi wenu mfanyao kazi katika mashamba ya huku juu mna vipande vyenu kule chini, Marigat, Salawa na bonde la Kerio. Kwa hiyo nimeombwa niseme machache juu ya potasi na sodiamu. Kwanza niliondoe neno hili lisemwalo sana, ya kwamba magadi na majivu ni kitu kimoja.

Sivyo. Yote mawili hulainisha mboga sufuriani, na hapo ndipo watu hudanganyika. Chumvi ya maziwa yetu, Bogoria, Nakuru na Elmenteita, ni ya sodiamu. Majivu ya mimea yana potasi.

Mpamba hudai potasi hasa wakati vitumba vinapojaa. Unyuzi hurefuka kwa majuma matatu hivi baada ya ua kufunguka, ukisukumwa na maji yaliyo ndani yake, na potasi ndiyo iyavutayo maji hayo. Ikipungua, majani huwa manjano katikati ya mishipa, kisha rangi ya kutu, yakapukutika mapema. Vitumba hubaki vidogo, vingine havifunguki sawasawa, na nyuzi huwa fupi na dhaifu. Mwenye shamba hulaumu wadudu!

Na sodiamu je? Mahali penye potasi haba yaweza kumsaidia mpamba kidogo, maana nayo huvuta maji. Lakini kazi nyingine haiziwezi kabisa. Tena mpamba huvumilia chumvi kuliko maharagwe, ila udongo hauvumilii. Sodiamu ikizidi, udongo hushikamana kama sakafu, maji yakatuama, mizizi ikakosa hewa. Ninyi wa Perkerra, ambako wafungwa wa Hali ya Hatari walitiwa kazini miaka ya 1950, msiache mitaro ya kutoa maji izibe. Wala mtu asikuuzie magadi kwa jina la mbolea.

Mbolea za DAP na CAN hazina potasi. Katika mfuko wa 17-17-17, namba ya mwisho ndiyo potasi. Lakini usikimbilie dukani: udongo wa volkano mara nyingi unayo tayari. Upimwe kwanza, waulizeni watu wa KALRO walioko Perkerra.

Tena iko potasi tunayoitupa wenyewe. Nyuzi ziendazo kiwandani huchukua kidogo tu; nyingi hubaki katika miti, majani na maganda ya vitumba. Baada ya mavuno twang'oa mipamba na kuichoma ili wadudu wafe, na ni vizuri. Lakini twaichoma rundo moja pembeni, mvua ikija yaiyeyusha potasi na kuipeleka mtoni. Tawanyeni majivu hayo membamba, shamba zima yalikotoka, myafukie kabla ya mvua.

Naona mikono imekwisha kuinuliwa. Kama ni juu ya bei ya kilo, hilo namwachia Bwana Katibu.